Siku Mzungu wa Mwalimu Komba Aliponyamaza

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanivisha khanga, halafu mkaniambia niseme machache. Nikasema machache kweli, maana nilimwona mkuu wa idara anaukodolea macho wali. Sasa nipo nyumbani Kilosa, sina foleni ya mashine mezani, na kuku wangu hawana haraka ya kwenda kula. Kwa hiyo yale mengi niliyoyameza siku ile nayaandika hapa, vijana wangu wa kitengo cha kompyuta. Vyeo sitavitaja, mnavijua, na mshahara mnaujua zaidi. Nataka tu mwelewe kwa nini kila mliponiambia, "Mama Tatu, hii tupige Windows upya, yaishe," mimi nilikuwa nawaangalia vile.

Mimi ni mtoto wa manamba. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akakuta Kilosa pametosha, akabaki. Mimi nilipomaliza shule, mashamba yalikuwa yanauzwa kwa wawekezaji, watu wanapunguzwa kazi kushoto na kulia, na milango ya nchi imefunguliwa kila kitu kinaingia: nguo za mitumba, redio, baiskeli, na mwishowe kompyuta zilizochokwa na wenyewe huko Ulaya. Nasema Ulaya ile ya mbali, si hii Ulaya yetu, kijiji cha njia ya Mikumi. Kwenye hiyo yetu, kompyuta ilichelewa kuliko hata umeme.

Nilikwenda kuomba kazi kwa Mzee Kobero, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na taipureta karibu na stesheni. Naye alikuwa amepunguzwa kazi reli, alikokuwa fundi wa simu za stesheni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanipa brashi ya kupakia rangi. Rangi sikuiona. Akanisogezea taipureta iliyojaa vumbi, akasema nianze na hiyo, herufi moja moja. Nikapangusa vumbi masika yote mpaka mama yangu akaanza kuuliza kama huko nimeajiriwa ufundi au uhausigeli.

Wateja wakiingia walikuwa wanatazama juu ya kichwa changu na kuuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa navimba kwa hasira. Mzee Kobero yeye alikuwa anawajibu kwa upole kwamba fundi ndiye huyo binti, yeye ni mlinzi tu. Wengine waliamini, wakawa wanampa pakiti za sigara ili awaangalizie baiskeli.

Alikuwa na desturi moja ambayo ninyi mnaicheka mpaka leo. Kompyuta zilipoanza kuletwa kibandani, kabla ya kufungua yoyote alijifunga waya wa shaba kwenye kifundo cha mkono, upande wa pili akaufunga kwenye nondo ya dirisha. Alinieleza kwamba ule umeme mdogo unaolia tikitiki ukivua sweta wakati wa kiangazi haumuui mtu, lakini ukigusa madabodi unaiua kimyakimya. Madabodi, kwa wajomba zenu wasiojua mtakaowasomea haya, ni ule ubao mkubwa ndani ya sanduku la kompyuta unaobeba kila kitu kingine. Ukifa huo, vilivyobaki vyote ni yatima. Ninyi mmeletewa mikanda ya kisasa ya kazi hiyo, mmeitundika ukutani kama mapambo.

Basi siku zile, madabodi ikifa, mafundi wengi walikuwa na dawa moja. Wanaweka nyingine, kompyuta inagoma kuwaka kwa sababu Windows bado inatafuta vifaa vya ule ubao wa zamani, wao wanafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Mzee Kobero alikuwa akisikia hivyo anakunja uso. Alikuwa anasema mtu kavunjika mguu, wewe unamfuta akili ili asikumbuke kama aliwahi kutembea. Yeye alinifundisha njia ya kuhamisha. Kwanza, ukiwa bado na pumzi kidogo kwenye ubao wa zamani, nakili mafaili yote ya CD ya Windows ndani ya diski kuu, ile ghala ya mashine, maana ubao mpya utayadai kabla hata haujaijua CD. Pili, ingia katika hali ya usalama, ile ambayo Windows inawaka na vitu vichache tu, uondoe kwenye orodha kila kifaa kinachohusu ubao wa zamani, kimoja kimoja. Tatu, zima. Hapo alikuwa anasimama na kunitazama usoni. Zima, wala usiwashe tena kabla hujabadili ubao, kwa sababu ukiwasha mara moja tu, Windows itavikumbuka vyote na kazi yako imekwenda na maji.

Siku moja dereva wa pikapu ya mahindi alisimama mbele ya kibanda akapiga kelele kwamba ametumwa kutoka Mikumi. Alisema Mzungu wa Mwalimu Komba amenyamaza tangu Jumapili, fundi aende haraka. Mzee Kobero akamuuliza kwa nini hawajampeleka hospitali. Dereva akasema hospitali hawatengenezi. Tukatazamana. Mikumi ina mbuga, wazungu wanapita pale kila siku kuangalia tembo, tukadhani mmoja kapigwa na jua. Ilichukua muda, na kikombe cha chai, mpaka dereva akatueleza kwamba huyo Mzungu anakaa juu ya meza na ana waya nyuma.

Mwalimu Komba alikuwa haoni tangu utotoni. Alikuwa anafundisha shule ya msingi Mikumi, Mngoni mrefu mwenye sauti ya kanisani. Mgeni mmoja aliyewahi kujitolea pale alimwachia kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti: unachoandika inakutajia, faili ukilifungua inakusomea. Tatizo ni kwamba ilifundishwa Kiingereza tu. Kiswahili ilikuwa inakisoma kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyohiyo, ndiyo maana nyumba nzima waliiita Mzungu. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa anaielewa. Alisema ukishakaa na mgeni muda mrefu unamzoea.

Mzee Kobero miguu ilikuwa inamsumbua, hivyo akanituma mimi. Kwa dalili alizotaja dereva alibuni kwamba ubao ndio unaokufa, akanitolea rafuni CD ya Windows na madabodi iliyotumika, ya kampuni nyingine kabisa, isiyo ndugu ya ile ya Mwalimu hata kwa mama mdogo. Nikaiweka kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, nikaifunga kwenye khanga, nikaipakata njia nzima kupitia Ulaya hadi Mikumi, nimekaa juu ya magunia. Abiria mwenzangu alinisifu kwamba mtoto wangu ametulia sana.

Nilipokelewa na Mama Salome, mke wa Mwalimu. Ilikuwa nyumba ya heshima. Makochi yana vitambaa vya kufuma, redio ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa. Na pale pembeni, mezani, Mzungu mwenyewe alikuwa amevaa gauni. Si kitambaa, ni gauni kamili: limefumwa kwa uzi mweupe na waridi jekundu kifuani, limebana sanduku zima kutoka juu hadi miguuni, na nyuma, pale hewa ya moto inapotokea, limeshonwa vifungo. Mama Salome aliniambia kwa fahari kwamba hata mashine ikiwashwa halivuliwi, vumbi la barabara kuu ni baya.

Nilimvua Mzungu gauni. Ndani nikakuta feni imejaa nyuzi nyeupe, na kwenye madabodi zile kapasita, vile vikopo vidogo vinavyosimama, zimevimba vichwa kama mandazi. Nikaeleza kwa maneno laini niliyoweza kwamba mashine ilikuwa inaona joto. Mama Salome akaliokota gauni, akalikunja mapajani. Kisha akasema taratibu kwamba alitumia miezi kulifuma gauni lile. Nilijisikia vibaya kweli.

Mwalimu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake akacheka. Alisema yeye siku nyingi alikuwa anasikia Mzungu anapumua kama mtu anayepanda mlima, lakini nyumba hii huwezi kumsema vibaya mwenye sindano ya kufumia. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nitafuta.

Nilimuuliza kwa nini anaogopa kufuta, mafaili yake tunaweza kuyanakili. Akanieleza. Ile programu ilikuwa na ufunguo, yaani kibali cha kuitumia, uliokuja kwenye diski ndogo, na diski yenyewe ilishaota ukungu wakati wa masika. Ufunguo uliobaki ni ule tu uliojificha ndani ya diski kuu. Ukipiga Windows upya, unafutika, na programu bila ufunguo huongea kama nusu saa hivi kisha hunyamaza. Aliyeileta alisharudi kwao, na kununua nyingine ilikuwa ni kuota mchana.

Kuna jambo jingine lililomkera. Mwalimu alikuwa na rafiki aliyesoma naye chuo cha ualimu, Mwalimu Kihwele wa Iringa, naye haoni, naye ana mashine kama hiyo. Kihwele ni Mhehe. Mngoni na Mhehe ni watani tangu enzi za vita vyao, mnajua wenyewe, wakikutana ni matusi yenye baraka. Hawa wawili walikuwa wanatusiana kwa diski ndogo za kuchomeka. Kihwele anaandika, anampa kondakta wa basi, basi likipita Mikumi diski inashushwa. Komba anasoma, anajibu, diski inapanda basi la kurudi.

Zamani kabla ya Mzungu, barua za Kihwele zilikuwa zinasomwa na Mama Salome. Naye, aliniambia mwenyewe bila aibu, alikuwa anacheka kwanza mpaka machozi, halafu anasoma nusu. Yaliyomgusa mama mkwe wake, yaani mama wa Mwalimu, aliyaruka. Mwalimu alisema utani ukichujwa unakuwa taarifa ya habari. Sasa diski mpya ilikuwa imeshushwa siku hiyohiyo Mzungu aliponyamaza, na Kihwele alishatuma salamu kwa kondakta kuuliza kama Mngoni ameshindwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshauri diski ipelekwe ofisi ya elimu Kilosa, wachapishe kwenye karatasi, mtu amsomee. Ushauri wa nia njema kabisa.

Mwalimu Komba alinigeuzia uso. "Fundi," akasema, "mimi tangu utotoni kila neno langu limepitia kwanza mdomoni kwa mtu. Huyu Mzungu ndiye wa kwanza kunisomea bila kunihurumia. Usinirudishe kule."

Niliahidi. Nilikuwa binti mdogo, sikujua kwamba fundi haahidi.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kichekesho. Katika hali ya usalama sauti haifanyi kazi, kwa hiyo nilihitaji kuona, na Mzungu hakuwa na monita, kile kioo cha picha. Monita ya nini kwa asiyeona? Ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikaenda. Nikaikuta juu ya meza yake, peke yake, haijaunganishwa na kitu chochote, imevaa kitambaa cha Mama Salome, na mwalimu mkuu amekaa nyuma yake anasahihisha madaftari. Wazazi wakiingia wanaona ofisi ina kompyuta. Aliniazima kwa shingo upande, kwa sharti kwamba irudi kabla ya mkaguzi hajafika, na akanifuata nayo mpaka nyumbani ili kuhakikisha.

Nikajifunga waya wangu kwenye nondo ya dirisha. Hapo Mama Salome na majirani waliokuja kuchungulia wakarudi nyuma hatua moja. Baada ya muda Mama Salome alinisogelea akaninong'oneza kwamba kama itahitajika kuku mweusi niseme mapema, kwa sababu wa kwake ni mwekundu. Nikamwambia hapana mama, ni umeme tu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayetunza siri yangu.

Mashine, ikiwa bado na ubao wa zamani, iliwaka, lakini ilikuwa inaganda kila ikipata joto, na mimi nilikuwa sijamaliza hata kunakili CD. Ikiganda katikati ya kazi, diski inaweza kuumia, na ufunguo nao. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikawasha, ikaganda tena. Mama Salome aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kipepeo cha ukindu anachopepelea jiko la mkaa. Akavuta kigoda, akaanza kumpepea Mzungu kwa mkono uliozoea kazi, mfululizo. Alipohisi mkono umechoka alibadilisha wa pili. Na Mzungu akavumilia. Nikanakili, nikaingia hali ya usalama, nikaondoa vifaa kimoja kimoja, nikazima. Nikaung'oa waya wa ukutani kabisa ili hata jirani asije akawasha kwa kusaidia.

Kubadilisha ubao wenyewe ni kazi ya mikono, hiyo mnaijua. Nilirudisha diski kuu kwenye waya uleule na nafasi ileile, skrubu nikazipanga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Mwalimu alikuwa anasikiliza kila skrubu ikiingia. Kuna moja aliniambia haijakaza, na kweli haikuwa imekaza, nikajifanya sijasikia, kisha nikaikaza.

Tuliwasha. Ikapanda. Ikaanza kugundua vifaa kimoja baada ya kingine kama mgeni anayetambulishwa kwenye msiba, na kila kikigunduliwa Windows inaniomba iwashwe upya. Nikawa nakataa mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa. Mafaili ikadai, nikaielekeza nilikoyanakili. Kwenye monita kila kitu kilikuwa kizuri, na mwalimu mkuu akasema hongera kwa sauti. Lakini Mwalimu Komba alikuwa ameinamisha kichwa tu. Kwake yeye kilichokuwa kinasikika ni feni peke yake. Nilijiona mjinga, nashangilia picha mbele ya mtu ambaye mashine yake bado imekufa.

Sauti ilikuwa kifaa cha mwisho. Nikaweka programu ndogo ya kuendesha sauti, nikawasha mashine upya, tukasubiri. Spika zikatoa mkwaruzo. Kisha Mzungu akafungua kinywa, akasalimia kwa Kiingereza chake cha puani, akaanza kutaja kila kilichokuwa kwenye monita.

Hakuna aliyeshangilia. Wote tulikuwa tunajua habari ya nusu saa. Mama Salome alileta ugali na mboga ya kunde, tukanawa, tukala tunamsikiliza Mzungu, maana Mwalimu alikuwa anamfungulia mafaili ya zamani ili asinyamaze: mitihani ya darasa la tano, hesabu, maelezo ya mto Mkondoa. Mzungu alisoma Mkondoa kwa namna ambayo mto wenyewe usingejitambua. Chakula kikaisha, vyombo vikaondolewa, chai ikaletwa, ikapoa, ikaisha. Saa ya ukutani nilikuwa siitazami kwa makusudi. Mwalimu mkuu alikuwa anaitazama kwa niaba yetu sote, na mwishowe alikohoa akasema nusu saa ilipita zamani.

Mzungu alikuwa bado anasoma.

Mwalimu Komba alipapasa mezani, akaipata diski ya Kihwele, akaitia mahali pake. "Asanteni," akasema. "Sasa tokeni wote, na mlango mfunge."

Nikainuka haraka kwa adabu, nikavutwa nyuma na kurudi kitini kwa kishindo. Nilisahau kwamba nimefungwa dirishani. Majirani walicheka mpaka wakaegemea ukuta, na Mama Salome ndiye aliyenifungua.

Tulisimama barazani. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa sauti ya chini kama sasa anaweza kupata monita yake, nikamwomba asubiri kidogo. Ndani Mzungu alikuwa anaongea. Mimi sikuambulia kitu zaidi ya neno "panya" mara kwa mara, kile kitoweo Wahehe wanachowatania Wangoni, na kila mara alilitamka kama jina la mji wa kwao. Kisha kukawa kimya, nikaogopa. Nikadhani ufunguo umekufa.

Halafu tukasikia Mwalimu anacheka. Alianza kidogo kidogo, akaendelea, akafikia pale mtu anapopiga meza na kupoteza pumzi. Mama Salome alisogea karibu na mlango, mkono juu ya kitasa, kisha akaushusha. Alijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Miaka yote," akaniambia, "mimi ndiye nilikuwa nacheka kwanza."